Dawa Isiyowasha

Kwenye benchi la kliniki ya vidonda walimwita Daktari Sijui, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Mgonjwa anamuuliza, "Daktari, hii tyubu yangu ndiyo yenye dawa?" Anajibu, "Sijui." "Nitapona?" "Sijui, ndiyo maana tunatafuta." Hebu fikiria. Mtu amelea kidonda mguuni miaka na miaka, ameamka alfajiri, ameacha shughuli zake, amefika mbele ya daktari mwenye miwani na vyeti ukutani, halafu daktari anamwambia hajui. Hata tapeli wa sokoni ana adabu ya kudanganya kidogo.

Lakini mwanamke yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa mtafiti wa tiba, na mtafiti hulipwa kwa kukubali hadharani kwamba hajui, mpaka siku ushahidi utakaposema wenyewe. Mikononi mwake mlikuwa na marhamu mbili. Moja ilikuwa dawa mpya iliyohangaikiwa maabara kwa muda mrefu. Ya pili ilikuwa marhamu ya kawaida, ile ile ya siku zote, ila ilichanganywa upya ili ifanane na mwenzake kwa rangi na harufu. Zote zilitiwa kwenye tyubu nyeupe zenye namba tu. Nani apate ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, na siri ya namba walikuwa nayo watu wawili: mfamasia aliyezijaza, na mtakwimu aliyeifungia kabatini mwake ghorofa ya juu. Mtafiti hakujua. Nesi hakujua. Aliyepima vidonda hakujua. Ilipangwa hivyo kwa sababu macho ya binadamu ni waongo wakubwa, huona kile moyo unachokitaka.

Na moyo wa Daktari Sijui ulikuwa na kitu ulichokitaka sana. Miongoni mwa wagonjwa alikuwemo shangazi yake.

Huyu ndiye aliyemlea. Wazazi walipoondoka duniani, dada wa baba alimchukua akiwa bado na meno ya utoto, akamkuza nyuma ya mgahawa wake mdogo, kati ya sufuria na kelele za wateja. Sasa mgahawa ulikuwa umefungwa, na mguu wa kushoto wa shangazi ulikuwa na kidonda juu ya kifundo, kipana, kinachonuka siku za joto, kilichokataa kila kitu. Kamati ya maadili ilimruhusu aingie kwenye utafiti kwa sharti moja: mtoto wa kaka yake asimtibu, asimpime, wala asifungue faili lake.

Tena shangazi alikuwa mpenda viatu. Kwa vile mguu wa kushoto haukuingia kiatu, alivaa kiatu kulia na kandambili kushoto, na kila aliponunua jozi mpya, cha kushoto alikiweka chini ya kitanda kwenye karatasi yake. "Siku yao itafika," alikuwa akisema. Lakini daktari wa upasuaji alikuwa amemwambia habari nyingine. Kidonda kile kikifika mwisho wa utafiti hakijaonyesha dalili ya kuziba, mguu utakatwa chini ya goti, kabla ubaya haujapanda juu. Shangazi alitoka ofisini kwa mpasuaji akichekesha watu kwamba atakuwa mtu wa kwanza kununua viatu nusu bei. Mtoto wa kaka yake alicheka naye, kisha akaenda kufunga mlango wa stoo na kulia.

Mambo yalianza kuharibika kwenye mizani.

Kila mgonjwa akirudi kliniki alitakiwa kurudisha tyubu yake ipimwe uzito, ijulikane kama kweli anapaka. Nesi wa utafiti, mama mmoja mnene mwenye jicho la polisi, alikuwa na mizani ndogo mezani na hakuamini maneno ya mtu. Asubuhi moja alimwita mtafiti.

"Daktari, njoo uone maajabu. Hizi zimekamuliwa mpaka zimekonda. Na hizi hapa hazijaguswa kabisa. Lakini wote wameniapia kwamba wanapaka asubuhi na jioni, sawasawa."

"Labda wengine vidonda vyao ni vikubwa."

"Vidonda nimevisafisha mimi. Huyu ana kidonda kidogo na tyubu imeisha. Yule kidonda chake kinatosha kiganja, na tyubu imejaa. Hapa kuna kitu kinapikwa."

Mtafiti alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya bomba la kunawia, akatokea upande wa benchi ambako hawakumtarajia. Alichokikuta hakukiona katika kitabu chochote alichosoma. Katikati ya benchi alikaa shangazi yake, kijiko cha chai mkononi, vipande vya karatasi safi vimepangwa mapajani. Mbele yake alisimama Mzee Redio, mstaafu mmoja aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata swichi ya kumzimia.

"Yangu inawasha, jamani!" Mzee Redio alikuwa akitangaza. "Nikipaka, machozi yananitoka. Hiyo ndiyo dawa! Dawa isiyowasha ni mafuta ya kupikia tu, wamewatilia kwenye tyubu mjisikie vizuri."

"Tumekusikia, baba. Kamua hapa," shangazi alisema, akipokea marhamu kwa ncha ya kijiko. "Mwenye ya kuwasha amsaidie mwenziwe. Kutoa ni moyo. Wewe mama, lete karatasi yako, kidonda chako ni kikubwa, nitakuongezea. Na mimi mwenyewe yangu ni ya ubaridi tu, sijui nina mkosi gani."

Naam. Wale wote waliopata tyubu isiyowasha walikuwa wameitupa pembeni, na wale waliopata inayowasha walikuwa wanawakatia wenzao, kwa haki kabisa, bila ugomvi, chini ya usimamizi wa mpishi mstaafu. Watu bwana! Ungewaomba wagombane, wasingefanya vizuri hivyo. Kwa wema wao walikuwa wamezichanganya dawa mbili mpaka hakuna malaika ambaye angejua ipi imefanya nini kwa nani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Daktari Sijui alisimama pale kando ya bomba akiwa hajui acheke au apige yowe.

Mkuu wa idara hakucheka hata kidogo.

"Hili halitoki nje ya chumba hiki," alisema, akizungusha kalamu. "Wachache waliogawana, waondoe kwenye hesabu. Wengine tuendelee nao. Wafadhili wanasubiri matokeo."

"Si wachache, mkuu. Na hatujui ni nani na nani. Tukiendelea, tutapata jibu la uongo lenye jedwali zuri."

"Na ukisema ukweli utatupa kazi ya karibu mwaka mzima jalalani. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Na shangazi yangu ni mmoja wao. Usidhani siumii."

Akasema lile alilokuja kulisema: atapeleka taarifa kwa kamati mwenyewe, na ataomba kuanza upya na wote ambao vidonda vyao havijapona. Mkuu alisukuma kiti nyuma na kumwambia aandike, yeye atatia saini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

Kamati ilikubali. Mpasuaji naye alikubali kuusubiri mguu wa shangazi mpaka mwisho mpya, kwa masharti: homa ikipanda tu, hakuna mjadala, ni kisu. Kilichobaki ni benchi.

Siku hiyo alisimama mbele yao bila koti jeupe. Aliwaambia kwamba yote yaliyopimwa yametupwa na kwamba wanaanza moja. Kelele zilizozuka hapo zilisikika mpaka dirisha la dawa.

"Kwa hiyo sisi ni wakosaji?" Mzee Redio aling'aka. "Kusaidiana ni kosa siku hizi?"

"Si kosa, baba. Kosa ni langu, sikuwaeleza mkaelewa. Niliwapa karatasi mtie saini, nikadhani karatasi inatosha. Sasa nisikilizeni. Mnaamini inayowasha ndiyo dawa. Nani aliwaambia?"

"Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui. Nimezijaribu mkononi, zote mbili zina ubaridi, kwa sababu sina kidonda. Huenda inayowasha ndiyo dawa. Huenda siyo. Huenda zote hazifai kitu. Nyie mkichanganya, sitajua mimi, hamtajua nyie, na wajukuu zenu watakaa kwenye benchi hili hili wakipaka kwa kubahatisha." Alimgeukia shangazi yake, na sauti ikalainika. "Shangazi, jikoni kwako, nikitoa kijiko kwenye sufuria hii nikakitia kwenye ile, ulinifanya nini?"

Benchi lilimgeukia shangazi. Shangazi alijaribu kununa, ikamshinda.

"Nilikupiga nacho."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ukichanganya mboga mbili, ikichacha moja hutajua ni ipi, utamwaga zote." Watu waliangua kicheko, naye mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha kicheko kikamwisha, akauliza kwa sauti ya chini ambayo hata Mzee Redio alinyamaza aisikie. "Sasa mwanangu. Nikirudi kwenye hii yangu isiyowasha, peke yake, na ikawa si dawa. Mguu wangu?"

Hapo mtafiti angeweza kusema neno lolote la kutuliza. Aliyemlea anamuuliza kuhusu mguu wake, na watu wote wanamtazama mdomo.

"Sijui, shangazi," alisema. "Na ukitaka kutoka kwenye utafiti leo, una haki. Hakuna atakayekulaumu, sembuse mimi."

Shangazi alipapasa kandambili yake kwa kidole cha mguu. Halafu akakichukua kile kijiko cha chai kutoka kwenye mkoba, akampa nesi mwenye mizani.

"Kaa nacho. Nyie sikilizeni. Huyu nimemlea mimi. Akisema hajui, hajui. Na siku akisema anajua, basi jueni anajua. Kila mtu na sufuria yake."

Basi walianza upya, na tangu siku ile utafiti haukuwa na askari mkali kuliko shangazi. Ole wake aliyethubutu kuazima hata tone. Alikuwa akiwakagua wenzake kama wana karatasi ya marhamu mkononi kabla hawajafika kwa nesi, na nesi, ambaye hakuwahi kumwamini mtu, alianza kumwekea kiti. Mtoto wa kaka yake akimtembelea nyumbani, shangazi alivuta shuka mpaka vidoleni.

"Usichungulie, wewe! Sharti ni sharti."

"Shangazi, nataka kujua tu kama unaumwa."

"Kaulize kamati yako. Kula."

Akila, alikuwa anatafuta harufu ya kidonda. Wakati mwingine alidhani imepungua, kisha akajikemea, maana dirisha lilikuwa wazi. Wakati mwingine alidhani imezidi, na tonge akalirudisha kwenye sinia. Kuna jambo gumu kuliko kukaa meza moja na mtu umpendaye, huku jibu la mguu wake liko chini ya shuka upande wa pili wa sinia? Kwa Daktari Sijui halikuwepo.

Mchana mmoja uvumilivu ulimtoka. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kwa mtakwimu, mwanamume mkimya aliyependa namba kuliko salamu. Kabati lilikuwa nyuma yake, ufunguo kiunoni mwake. Swali moja tu lingetosha: namba ya shangazi ni ipi? Kama ni marhamu ya kawaida, angemtoa leo hii, akampa dawa mpya kwa mlango wa nyuma. Lakini dawa mpya yenyewe nani alisema inaponya? Hilo ndilo lililomsimamisha. Alikuwa tayari kuiba jibu ambalo halikuwepo bado.

Mtakwimu aliinua macho. "Ndiyo?"

"Una chai?"

Mtakwimu alimtazama, akaitazama ngazi aliyopanda mbio, akamtazama tena. Alimimina chai vikombe viwili.

"Nimefurahi umekuja kunywa chai tu," alisema, akamsogezea kikombe.

Siku ya mwisho ya vipimo ilifika. Mtafiti alikuwa ofisini akisaini fomu za maabara aliposikia vigelegele nje. Si kimoja, si viwili. Alitoka mbio na kalamu mkononi.

Shangazi alikuwa anaingia langoni. Alikuwa amevaa viatu vyekundu vyenye kisigino kidogo, kulia na kushoto, cha kulia kimechakaa na cha kushoto kinang'aa, kipya kabisa. Hakuwa anachechemea. Alikuwa anatembea taratibu, kwa maringo, akigonga sakafu ya saruji kusudi kila mtu asikie, ko, ko, ko. Nesi mwenye jicho la polisi alikuwa analia waziwazi, mizani ameiacha peke yake. Mpasuaji mwenyewe alitoka chumbani kwake, akainama, akamwomba avue kiatu, akaona ngozi changa ya rangi ya waridi pale palipokuwa na shimo. Alirudi ndani, wakamwona kupitia mlangoni akifuta jina kwenye ubao wa upasuaji.

"Haya, Daktari!" Mzee Redio alipaza sauti. Kidonda chake mwenyewe kilikuwa bado wazi, lakini furaha ya mwenzake ilikuwa imemjaa. "Umeona kwa macho yako. Ile isiyowasha! Nani angesema? Sasa tuambie, ndiyo dawa?"

Ndani ya kifua chake mtafiti alikuwa anaruka ruka. Alitamani kumbeba shangazi yake akamzungushe kliniki nzima. Alimkumbatia, akakaza, machozi yakamlowesha bega, kisha akageukia benchi na kusema lile lile.

"Sijui. Mguu mmoja si ushahidi."

Benchi zima lilicheka mpaka likatikisika. "Huyu hata akifika mbinguni atasema hajui!" mtu alidakia. Shangazi alikuwa anacheka kuliko wote. "Mwacheni," alisema. "Chungu bado kiko jikoni."

Majuma yaliyofuata yalikwenda kwa kukagua vipimo na kuhakikisha hakuna kilichokosewa. Kisha wakakutana ghorofa ya juu: mkuu wa idara, mfamasia, nesi, mtafiti, na mtakwimu na ufunguo wake. Mtakwimu alisoma bila kubadilisha sauti, kana kwamba anasoma nauli. Kundi moja, wengi vidonda vimeziba. Kundi la pili, wachache tu. Tofauti yenyewe ilikuwa kubwa, si ya kubahatisha, ameihesabu na kuirudia. Halafu alifungua kabati, akatoa bahasha, akaichana.

"Kundi lililopona," alisema, "ni la dawa mpya."

Mkuu wa idara alipiga meza kwa viganja vyote viwili, kalamu zikaruka, akasimama, akakaa, akasimama tena. "Na tungeendelea na ile ya mwanzo," alisema, "tungesema haina kazi. Tungeizika hii dawa ikiwa hai." Alimshika mtafiti mkono na hakuuachia.

"Na kuwasha?" nesi aliuliza.

Mfamasia alikuna kichwa kwa aibu. Marhamu ya kawaida haikuwa na harufu, akaeleza, kwa hiyo aliitia manukato kidogo ili ifanane na mpya. Ni manukato hayo yaliyokuwa yakiwasha kwenye nyama mbichi. Kwa hiyo wale watu wote walikuwa wamegawana manukato kwa kijiko, wakaitupa dawa. Nesi alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Wagonjwa wote waliitwa. Waliokuwa wamepona na waliokuwa bado, walijaza benchi na sakafu na ngazi za mlangoni, na shangazi alikuwa mbele, viatu vya kijani safari hii. Mtafiti aliposimama hakukuwa na kelele. Hata Mzee Redio alikuwa amezimika, tyubu yake ya kuwasha ameishika kwa mikono miwili.

"Haya, Daktari Sijui," shangazi alisema kwa upole. "Mboga imeiva?"

Mtafiti aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amejiandalia hotuba nzima, ikayeyuka yote, likabaki neno moja.

"Najua," alisema.

Hapo ndipo watu walipojua maana ya neno hilo. Kwa kuwa hakulitumia hovyo hata siku moja, hakuna aliyeuliza una uhakika, hakuna aliyetaka kuonyeshwa karatasi. Vigelegele vilipanda, waliokaa wakasimama, na wasioweza kusimama wakapiga makofi kwenye benchi. Alipopata nafasi aliwaeleza kwamba kuanzia leo hii, wote waliokuwa na marhamu ya kawaida watapewa dawa mpya, na ya kwanza aliipeleka mwenyewe kwa Mzee Redio.

Mzee alinyoosha mguu. Nesi akapaka. Mzee akafumba macho, akakunja uso, akisubiri moto wake aliouzoea. Ulipokosekana alifumbua jicho moja.

"Haiwashi," alisema.

"Haiwashi, baba."

"Na nitapona?"

Mtafiti alifungua mdomo, na lile neno la zamani likamjia ulimini lenyewe. Shangazi akagonga kisigino cha kushoto sakafuni.

"Wewe!"

"Wengi wenye vidonda kama chako wamepona, baba," Daktari alisema, akicheka na kulia. "Hilo nalijua."